Gugu linalofanana na wimbi: lina nini, na kwa nini usilipande

Swali

"Daktari, mimi ni mkulima wa wimbi huku Ugenya, Siaya. Msimu uliopita wanafunzi wa chuo walikuja shambani kwangu, wakalipita wimbi langu kama hawalioni, wakaenda ukingoni kujaza bahasha mbegu za lile gugu linalofanana na wimbi, ambalo mimi huling'oa mpaka mgongo unauma. Walisema wanatafuta uvumilivu wa ukame. Kweli mvua ilipokatika mwezi wa tano wimbi langu lilinyauka, gugu likabaki kijani. Sasa naomba unieleze: hilo gugu lina nini ambacho wimbi langu halina? Kama ni gumu hivyo, kwa nini nisilipande lenyewe? Na mbona miaka inapita hatuioni hiyo mbegu yao?"

Jibu

Mama, nashukuru kwa swali lako. Umeona shambani kwako jambo ambalo ndilo lililonifanya niingie katika kazi hii ya kuzalisha mbegu, na umeuliza pia lile ambalo watafiti hatuulizwi vya kutosha: mbegu iko wapi? Nitayajibu yote matatu. Nianze na la katikati, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usilipande. Sababu utaishika kwa mkono wako mwenyewe.

Wimbi likikomaa, chukua suke moja la kwako na suke moja la gugu lililokomaa. Suke la gugu usilisugue, liguse tu. Mbegu zitaanza kukumwagikia kiganjani, na nyingine tayari zimeshaanguka chini kabla hujafika. La kwako utalisugua kwa viganja viwili, na bado mbegu nyingine zitang'ang'ania mpaka uzipige kwa fimbo. Sasa tazama zilizobaki mkononi. Za wimbi ni duara na zimejaa. Za gugu ni ndogo, ndefu kidogo, na ngozi yake ina mistari myembamba ukiisogeza karibu na jicho. Vidole vya suke la gugu navyo ni vyembamba, vimenyooka, wala havijikunji kama ngumi.

Ukilipanda hilo utavuna nini? Nusu ya mbegu itakuwa imemwagika siku unayokwenda na kisu. Na zilizomwagika hazitaota zote msimu unaofuata. Mmea wa porini hauhatarishi watoto wake wote kwa mvua moja. Baadhi ya mbegu hulala ardhini na kuamka baadaye, kidogo kidogo. Msimu mmoja wa kulipanda utakugharimu misimu mingi ya kulipalilia.

Lakini hakikisha kwanza ni gugu lipi tunalozungumzia, maana kwenu yako mawili na watu huyachanganya. Liko lile fupi linalotambaa kando ya njia na uani, shina lake bapa na jeupe pale chini, hata likikanyagwa na ng'ombe halijali. Hilo kwa jina la kitaalamu ni Eleusine indica. Liko la pili, refu, linalosimama katikati ya wimbi kwa namna ambayo ukiwa unapalilia wiki ya tatu huwezi kulitofautisha kwa urahisi. Hilo ni Eleusine africana. Wanafunzi walikuwa wanalitafuta la pili. Tofauti yao kubwa haionekani kwa macho. Wimbi lina kromosomu 36, gugu refu lina 36, gugu fupi lina 18. Kromosomu ndizo mafungu yanayobeba maandishi ya urithi ndani ya kila chembe ya mmea. Ndugu wa karibu wakiwa na mafungu yanayolingana, wanaweza kuzaa mtoto anayezaa. Gugu fupi ni wa ukoo, tena lina mchango wake wa zamani katika ukoo huo, ila leo huwezi kulivusha na wimbi, yaani kulizalisha nalo, ukapata uzao wa maana. Gugu refu ni damu moja na wimbi lako.

Kusema kweli, ni zaidi ya ndugu. Ndilo mzazi. Wimbi, kal kwa Waluo, bulo kwa Wabukusu, lilitokana na hilo gugu refu yapata miaka 5,000 iliyopita, katika nyanda za juu za huku kwetu, kati ya Ethiopia na Uganda. Halikuja na meli kama mahindi. Kuna watu, na naamini wengi wao walikuwa akina mama, waliokuwa wakichuma mbegu za gugu hilo, na mwaka baada ya mwaka wakawa wanaweka akiba ya mbegu kutoka kwenye masuke ambayo hayamwagi. Kisha yenye mbegu kubwa. Kisha yanayokomaa pamoja. Nyanya yangu alifanya hivyo hivyo: alichagua masuke kabla ya kuvuna, akayafunga fundo, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Kazi hiyo ndiyo iliyotupatia uji.

Ila kila anayechagua anaacha. Ukichukua masuke 20 kati ya shamba zima, umebeba urithi wa mimea 20, na wa mingine yote umebaki nyuma. Fanya hivyo vizazi elfu kadhaa. Zao linakuwa kama mtu aliyehama kwao na kikapu kimoja: alivyobeba ni vizuri, lakini vitu vingi vya nyumbani vimebaki kule. Gugu halikuhama. Hakuna aliyelimwagilia wala kulitilia mbolea. Mwaka wa kiangazi kikali, lisiloweza lilikufa, lililoweza likamwaga mbegu.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza, na niliseme kwa uangalifu kwa sababu linaelezwa vibaya mara nyingi. Gugu halina "jeni ya ukame" ambayo wimbi halina. Jeni zao, yaani vipande vya yale maandishi ya urithi, ni karibu zile zile. Tofauti iko katika namna kila jeni ilivyoandikwa: herufi moja hapa, kipande kimebadilika pale, jeni hii inaamka mapema zaidi mmea unapoanza kukosa maji, ile inafanya kazi mzizini badala ya jani. Gugu lina namna nyingi za kuandika jambo lile lile, na wimbi limebaki na chache. Tunachotafuta kwenye zile bahasha ni zile namna zilizobaki nyuma.

Sasa nije kwenye ulichokiona mwezi wa tano. Wimbi limenyauka, gugu kijani. Na mimi niliwahi kukiona, nikakielewa vibaya.

Nilikuwa bado mwanafunzi. Nilipanda wimbi na gugu kwenye ndoo, chini ya kibanda cha nailoni ili mvua isiingie, kila ndoo udongo sawa na maji sawa. Zilipofika wiki ya sita nikakata maji. Haikupita muda wimbi likalegea, majani yakajikunja kama sigara. Gugu likasimama siku baada ya siku. Niliandika kwenye daftari langu kwamba nimepata mimea inayovumilia ukame, nikapigia mstari. Mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia kumwagilia alisimama akatazama, akaniuliza, "Hizi ndoo umezipima?" Sikuelewa anasema nini. Akaleta mizani ya kupimia mahindi, akaning'iniza ndoo ya wimbi, kisha ya gugu. Ya gugu ilikuwa nzito zaidi, na wala haikuwa kwa sababu ya mmea. Ilikuwa maji. Gugu lilikuwa na majani machache membamba, wimbi lilikuwa na majani mapana yaliyojaa ndoo. Wimbi lilikunywa maji yake likayamaliza. Gugu lilikuwa bado halijaionja kiu. Nilikuwa nimelinganisha mwenye kiu na asiye na kiu, nikamsifu asiye na kiu kwa uvumilivu.

Nalisimulia hili kwa sababu ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika kazi hii, na limekwisha kula fedha na miaka ya watu. Mmea mdogo huonekana mvumilivu kila mara. Tangu siku ile, ninafanya mambo mawili. Ama ninapima kila ndoo kila asubuhi na kurudisha maji kiasi kwamba zote zibaki na ukavu ule ule. Au, na hii naipenda zaidi, ninapanda wimbi na gugu katika ndoo moja kubwa, wanywe kutoka chungu kimoja. Wakiwa na chungu kimoja hakuna wa kusingizia. Na nilipofanya hivyo, aina nyingi za gugu nilizokuwa nimezipigia mstari zilinyauka pamoja na wimbi. Chache hazikunyauka. Hizo chache ndizo za kufuatilia.

Hata hizo, kubaki kijani si jambo moja. Fikiria njia ambazo mmea unaweza kupita kiangazi. Unaweza kukikwepa: unachanua mapema, unakomaa, unamwaga mbegu, ukame unakuta mmea umekwisha kazi yake. Magugu mengi hufanya hivi, na kwako ina maana kidogo tu, kwa sababu wimbi la kukomaa haraka tunalo tayari bila kuhitaji gugu. Unaweza kujikinga: kupeleka mizizi chini zaidi, au kufunga vile vitundu vidogo vya jani ambavyo hupitisha maji kwenda hewani. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ambayo jani huitumia kutengeneza chakula. Jani likifunga halipotezi maji, na pia halili. Mmea unaweza kubaki kijani wiki tatu huku umejinyima, na mwishoni usikupe hata gorogoro moja. Gugu haliumii kwa hilo. Likipata mbegu 50 limeshinda. Wewe una watoto na karo. Kuna na njia ya tatu, ya ndani kabisa, ambapo chembe zenyewe hukauka kiasi lakini zisiharibike, zikajaza sukari na vitu vingine vya kushikilia maji, na maji yakirudi zikaendelea.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya mizizi, kwa sababu ni mmea unaokunywa zaidi badala ya kujinyima. Kuiona ni kazi ya mikono. Tunachukua bomba la plastiki la maji machafu, refu mita moja au zaidi, tunalipasua katikati kwa urefu, tunalifunga tena kwa waya, tunalijaza udongo na kupanda mmea mmoja juu. Wiki kadhaa baadaye tunakata waya. Udongo unafunguka kama mkate uliokatwa, na tunauosha taratibu juu ya wavu. Wimbi la kawaida mara nyingi linakuonyesha kichaka kizito cha mizizi hapo juu, kisha nyuzi chache chini. Ukikuta gugu ambalo nyuzi zake zimefika chini ya bomba zikajikunja kwa kukosa mahali pa kwenda, unatulia kidogo kabla ya kusema lolote, halafu unarudia na mengine kumi kuhakikisha.

Kwa hiyo, mama, gugu lako linaweza kuwa na hazina kweli, au linaweza kuwa dogo tu na lenye majani machache. Kwa macho peke yake huwezi kujua, wala mimi siwezi. Wanafunzi hawakupaswa kukuahidi kitu pale, na natumaini hawakuahidi. Walichochukua ni swali ndani ya bahasha.

Tena ukame wenyewe si mmoja. Ule wa kwako uliingia mwezi wa tano, katikati ya chwiri, msimu wa mvua ndefu, wimbi likiwa linajiandaa kutoa masuke. Ukame wa wakati huo huua mbegu kabla hazijaundwa. Ukame wa wiki mbili baada ya kupanda ni mwingine, na ule wa mwishoni, mbegu zikiwa zinajaa, ni mwingine tena. Mmea ulio hodari kwa mmoja unaweza kuwa hovyo kwa mwingine. Ndiyo maana nikipata nafasi ya kumhoji mkulima, la kwanza ninalouliza ni mvua ilikatika lini na wimbi lilikuwa limefika wapi. Jibu la swali hilo moja linanionyesha nikate maji siku gani kwenye kibanda changu.

Utaniuliza kama hii njia ya kurudi porini imewahi kuleta chakula mezani. Imeleta, tena karibu na sisi. Nenda Njoro, kule Nakuru. Mwaka 1999 nchini Uganda ulitambuliwa ugonjwa wa aina mpya ya kutu ya shina la ngano, ukapewa jina Ug99, na ulikuwa umeivunja kinga ambayo ngano nyingi za dunia zilikuwa zinaitegemea. Ulivuka ukaja Kenya. Tangu hapo kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Njoro kimekuwa mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kwa maelfu ya mistari, makusudi ziugue, ionekane ipi inasimama. Baadhi ya jeni za kinga dhidi ya kutu hiyo zimetoka kwa ndugu wa porini wa ngano. Jeni moja, iitwayo Sr33, asili yake ni nyasi ya porini ya Asia, Aegilops tauschii, ambayo ukiiona kando ya barabara hutaidhania kuwa ina undugu wowote na mkate.

Ugonjwa, hata hivyo, ni swali jepesi zaidi. Mara nyingi jeni moja hutosha kuusimamisha: mmea umeutambua au haukuutambua. Ndiyo sababu ndugu wa porini wamesaidia mno upande wa magonjwa kuliko upande wa ukame. Ukame unagusa kila kitu, mzizi, jani, siku ya kuchanua, ukubwa wa mbegu, na kila kimoja kina jeni nyingi zinazochangia kidogo kidogo. Anayekuambia amepata jeni moja ya ukame, muulize alipima ndoo.

Kati ya magonjwa na ukame iko chumvi, na hapo upo mfano ambao sichoki kuwasimulia wanafunzi. Ngano ya kutengenezea tambi huumizwa haraka na udongo wenye chumvi. Watafiti wa Australia walipata kwa ndugu yake wa kale, Triticum monococcum, jeni inayotengeneza kama lango ndani ya mzizi. Maji yanapopanda kwenda kwenye majani, lango hilo huishika chumvi na kuirudisha pembeni, isifike juu. Waliihamisha kwa kuvusha mimea kwa njia ya kawaida, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba kwenye shamba lenye chumvi ngano yenye jeni hiyo ilitoa asilimia 25 zaidi ya ile ile isiyo nayo. Angalia walivyopima: ngano ile ile, yenye na isiyo na jeni, shamba moja, na walichohesabu ni mavuno. Hawakuhesabu siku za kubaki kijani.

Kuna na mmea mwingine uko kwenu, unaupita kila siku ukienda kisimani: ochok, ile mitunguja yenye miiba na matunda ya manjano ambayo mbuzi wanaizunguka. Ni ndugu wa karibu wa biringanya na inastahimili ukavu kuliko biringanya yenyewe. Huko Valencia, Hispania, watafiti wameivusha na biringanya wakatengeneza aina za biringanya ambazo kila moja imebeba kipande kidogo tu cha urithi wa ochok, ili wajue kipande kipi kinafanya nini. Inaniuma kidogo kwamba mmea umejaa kwetu na kazi imekolea kwao.

Hiyo ya kubeba kipande kidogo kidogo ndiyo inayonileta kwenye swali lako la tatu, la miaka.

Kumvusha wimbi na gugu ni kazi ya usiku. Maua ya wimbi hufunguka kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri, na ni madogo mno. Kutoa sehemu ya kiume kwa kibano, ua kwa ua, macho yanachoka kabla ya suke moja kwisha. Tena wimbi hujichavusha lenyewe karibu kabisa, ua likifunguka kazi imeshafanyika. Njia mojawapo ni kulitumbukiza suke la mama kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 na kidogo kwa dakika chache. Yakizidi moto umelipika suke. Yakipungua, chavua yake yenyewe inabaki hai. Kisha unalifunga pamoja na suke la gugu ndani ya mfuko mmoja na kusubiri. Kati ya mbegu utakazopata, nyingi bado ni wimbi tupu lililojizalia. Chotara wa kweli ni wachache, na unawatambua kwa kuwapima DNA wakiwa miche, au kwa kusubiri wakue uone sura ya baba.

Chotara huyo ni nusu gugu. Anamwaga mbegu, ni mwembamba, anachanua hovyo. Unamvusha tena na wimbi: robo gugu. Tena: sehemu moja ya nane. Tena: moja ya kumi na sita. Kila mara unachagua kati ya mamia ya miche wale wachache waliobaki na kipande unachokitaka na wamepoteza mengine. Shida ni kwamba vipande havisafiri peke yake. Jeni ya mzizi mrefu ikiwa imekaa jirani na jeni ya kumwaga mbegu, zitakwenda pamoja kama vile ukiling'oa gugu linatoka na udongo wake, na utahitaji miche mingi sana kabla hujampata mmoja ambaye zimetengana. Baada ya hapo misimu minne au mitano ya kutulia, ili uzao usiendelee kubadilika. Halafu majaribio ya mavuno katika sehemu mbalimbali, na mwisho majaribio ya kitaifa chini ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu. Ukihesabu misimu miwili kwa mwaka bila kupoteza hata mmoja, unakaribia miaka 10 kirahisi. Na misimu hupotea: mafuriko, ndege, au msimu uliopanga kupima ukame halafu mvua ikanyesha mfululizo.

Wala hatuanzi sifuri. Ramani ya kwanza ya urithi wa wimbi, inayoonyesha jeni zimepangana vipi kwenye kromosomu, ilichapishwa mwaka 2007, na mtafiti aliyeiongoza, Mathews Dida, ni Mkenya aliyefanya kazi ya wimbi Chuo Kikuu cha Maseno, hapo jirani yako. Ramani hiyo ilipatikana kwa kuvusha wimbi la Nepal na gugu refu, lile lile la familia ya lako. Bila gugu isingechorwa, maana wimbi na wimbi wanafanana mno. Huwezi kufuatilia nyayo za wawili waliovaa viatu sawa. Na katika mradi wa kimataifa uliokusanya ndugu wa porini wa mazao katika nchi 25, Kenya ilikuwamo.

Siku hizi kuna njia nyingine inayojaribu kufupisha safari. Unakusanya gugu kutoka sehemu nyingi, kwenye majiwe makavu, kando ya kinamasi cha Yala, kwenye udongo mweusi wa Kano, unasoma DNA ya kila moja, kisha unatazama: kuna herufi inayorudia rudia kwenye zile za sehemu kavu tu? Ndiyo sababu wanafunzi waliandika mahali hasa walipochuma kila bahasha. Ni njia nzuri, lakini ina mtego. Magugu ya sehemu moja ni ndugu, kwa hiyo yanafanana kwa mengi yasiyohusiana na ukame. Ukikuta kila mtoto wa Usenge anajua kuogelea, usiseme kuogelea kumo kwenye damu yao. Wamezaliwa kando ya ziwa. Herufi inayopatikana kwa njia hii naiita mshukiwa tu. Inarudi kwenye ndoo na kwenye bomba kujibu mashtaka. Na gugu lililo katikati ya shamba lina shida yake: linaweza kuwa limechanganyika na wimbi zamani, hivyo unapaswa kuchuma na mbali na mashamba pia.

Haki zako usiziachie. Kanuni za mwaka 2006 zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinataka anayekusanya mimea kwa utafiti wa urithi awe na kibali, na mwenye mahali apewe maelezo na akubali kwanza. Wakirudi, waombe wakuonyeshe hicho kibali, na wakuachie namba ya sampuli waliyoichukua kwako. Namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha wewe au mwanao kuuliza baadaye ilifika wapi.

Kung'oa gugu ndani ya wimbi endelea, hakuna mtafiti mwenye akili atakayekukataza. Panda kwa mistari, itakusaidia: linaloota nje ya mstari unalishuku mapema. Lakini kama una kipande chenye mawe au kichuguu ambacho hulimi, ambapo gugu hilo linamea lenyewe mwaka hadi mwaka, kiache kama kilivyo. Benki ya mbegu kule Muguga inahifadhi mbegu kwenye baridi kali, zinakaa miaka mingi, ila zinakaa zimesimama pale pale. Gugu lililo kwenye kichuguu chako linaendelea kupitia kila kiangazi kinachokuja, hata hiki cha mwaka huu ambacho sampuli ya Muguga haijakiona.

Na nina ombi. Mvua ikikatika tena chwiri ijayo, nenda saa saba mchana, jua likiwa kichwani, utafute gugu na shina la wimbi lililo karibu nalo kabisa, hatua moja tu, yenye ukubwa unaokaribiana. Tazama yapi yamejikunja majani. Rudi alfajiri kabla jua halijatoka, utazame kama lililojikunja limejikunjua. Likijikunjua usiku, mizizi bado inapata maji. Lisipojikunjua, limeishiwa. Andika tarehe, na wimbi lilikuwa limefika wapi. Ukikuta gugu la ukubwa sawa na wimbi, hatua moja kutoka kwake, ambalo saa saba mchana limefungua majani wakati jirani yake amejikunja, funga kitambaa chekundu kwenye shina lake, na usiling'oe mpaka mbegu zikomae.